Mlinzi wa Sahani ya Baba

Jumapili, 6 Oktoba 1996

Nesi Irine wa zahanati kasema niandike rangi kila asubuhi, neno moja tu, ili akisoma aelewe. Neno moja! Mimi ambaye watoto wa darasa la nne wananiita Mwalimu Masika kwa kuwa nikianza kunena sikati. Haya, daftari ninalo na baba yangu anaumwa. Nitaandika nitakavyo.

Baba ana ugonjwa wa sukari. Alilazwa siku tisa, jana tumerudi naye hapa Kibimba kwa gari la parokia. Amekonda hadi pete ya ndoa inamvuka kidole, na kidonda cha kisigino hakifungi tangu Agosti. Wamempa vidonge, kimoja kila asubuhi, na karatasi ya vyakula. Mimi, kwa kuwa nafundisha Sayansi, wamenipa chupa ya dawa ya bluu na neli ya kioo. Unachemsha dawa ile pamoja na matone manane ya mkojo. Ikibaki bluu, mkojo hauna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, mwite padri.

Leo: tofali.

Kule hospitali nesi wa wodi alimwita Baba chumbani peke yake, mimi nikiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Njiani nikamuuliza, "Baba, alikuambia nini?"

"Kasema nisile."

"Usile nini?"

"Vyote ninavyopenda."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mwalimu." Akinitania huniita Mwalimu. Akifurahi huniita mama.

Mama alifariki mwaka themanini na tisa, na toka hapo tumebaki wawili. Sina mume, sina mtoto. Baba huyu, Mzee Celestini, katekista mstaafu, ndiye mtu pekee ninayemwamkia shikamoo ndani ya nyumba hii, na sitaki kumzika. Hilo ndilo nililomwambia Mungu leo kanisani, bila kuzunguka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tofali. Sukari yote na chupa mbili za asali nimempelekea jirani yetu Benedicta. Jioni nikachukua panga nikakata ile migomba mitatu ya ndizi kisukari nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amekaa kizingitini.

"Mama, migomba imekosa nini?"

"Jina lake tu linatosha, Baba. Ndizi kisukari, ugonjwa kisukari."

"Basi hao ni ndugu. Ndugu hawafukuzwi nyumbani."

Nikacheka huku nakata.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tofali. Mvua ya kwanza, kidogo.

Mukandayisenga kaja kupalilia. Ni mjane, mkimbizi wa Rwanda aliyevuka mwaka ule wa tisini na nne. Anakuja toka kambini mara tatu kwa wiki, na ujira wake ni ndizi za kupika na unga wa muhogo, maana mahindi ya njano ya mgao yamemchosha. Kazi yake ni safi, siwezi kumsingizia. Lakini macho yake yanazunguka mno nyumbani kwa watu. Lugha yao na Kihangaza chetu zinasikilizana, kwa hiyo yeye na Baba hupiga soga kama watu waliokulia ua mmoja. Kwangu huleta Kiswahili: "Shikamoo, mwarimu," ingawa umri wetu ni mmoja. Naitikia hivyo hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Rangi ya chungwa, kati ya tofali na njano. Afadhali.

Watu wananiuliza, je, Mzee hasumbui kuhusu chakula? Thubutu! Kwetu mtu mzima hasemi ana njaa. Mtoto akisema, sawa. Mtu mzima akisema, amejivua nguo mbele za watu. Utotoni tukitumwa kwa jirani, Baba alihakikisha tumekula kwanza, hata kiazi kimoja, ili macho yetu yasiombe. Tangu wakimbizi waje na foleni zao za mgao, ndiyo amezidi. Akiwaona na sahani barabarani hugeuza uso, na si kwa kiburi, ni kwa kuwaonea aibu. Kwa mgonjwa wa sukari tabia hii ni baraka. Nampa nilichopanga, anakula, anasema asante, basi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Njano. Karatasi inasema ugali nusu ya ule wa zamani. Nimempa robo. Kama nusu inatibu, robo itatibu mara mbili. Hesabu hiyo hata Darasa la Pili wanaiweza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kijani. Mvua usiku kucha, darasa langu linavuja.

Alhamisi, 24 Oktoba

BLUU.

Nilidhani sikuhesabu matone. Nikarudia. Bluu! Nimeruka jikoni kama binti wa miaka saba. Baba kauliza kuna nini, nikamwonyesha neli, akaitazama kwenye mwanga muda mrefu, akasema, "Mungu akubariki, mama." Chakula cha saa mbili usiku nimekifuta kabisa. Sasa ni uji mdogo asubuhi, maharage na mchicha saa nane, basi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Bluu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Bluu. Benedicta kaja. Mumewe, Mzee Aron, naye amekutwa na sukari, naye amepewa vidonge vile vile. "Dada Deodata, nifundishe, wewe umeshinda." Nimemwandikia kila kitu kwenye ukurasa: robo ya ugali, hakuna chakula cha usiku, hakuna tunda, na kitu kitamu kisilale ndani ya nyumba. Na asimhurumie. Huruma ndiyo inayoua wagonjwa hawa. Nilisema hivyo, kwa sauti ya ubaoni.

Jumanne, 29 Oktoba

Bluu.

Jumapili, 3 Novemba

Bluu. Wiki nzima. Nimempelekea Irine daftari. Zahanati imejaa malaria, watoto watatu kitanda kimoja. Kafunua kurasa huku amesimama, akasema, "Vizuri sana, Mwalimu. Anakula kwa saa zake?" Nikasema anakula. Sikusema robo. Sijui kwa nini sikusema.

Ijumaa, 8 Novemba

Bluu. Baba anatoka jasho adhuhuri, hata siku za baridi. Nadhani ni sukari inatoka mwilini. Hasira zake nazo zimekuwa za ghafla. Jana alinigombeza kuhusu jembe ambalo halijapotea, nusu saa baadaye akawa hakumbuki.

Jumanne, 12 Novemba

NJANO!

Nilirudi saa sita na nusu kuchukua chaki, nikapima mkojo wake hapo hapo kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi wa jasho. Njano. Nikasema kuna mwizi katika nyumba hii, na mwizi huyo anaiba kwa kutia, si kwa kutoa.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemkamata.

Niliwapa watoto zoezi, nikaaga, nikazunguka kwa nyuma ya migomba. Baba amekaa juu ya gogo, shati limelowa jasho. Mukandayisenga amepiga magoti mbele yake, kashika kibuyu, anamnywesha kama mtoto. Nikakinyakua nikanusa. Mutobe! Juisi ya ndizi mbivu iliyokamuliwa jana yake, haijachachuka kuwa pombe, tamu kiasi cha kuita nyuki. Na chini maganda ya ndizi mawili.

"Unamuua baba yangu!"

"Mwarimu, mzee arikuwa anatetemeka. Kira saa sita anatetemeka."

"Anatetemeka kwa hiyo sumu yako! Kuni zetu mmemaliza, mbuzi wetu mmekula, sasa mnamtaka na baba yangu?"

Aliokota jembe lake, akamwinamia Baba, akasema neno la kwao polepole, akaondoka. Nikamfuata hadi njiani nikimwambia asikanyage tena.

Baba alifuta mdomo. "Umesema vibaya na mgeni," akasema. Hayo tu. Hajasema nami tena hadi naandika hivi.

Jumapili, 17 Novemba

Bluu. Siku ya tatu Baba ananinyamazia. Sawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika jambo hili mkuu ni mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Bluu. Kaniita mama tena. Nililia jikoni, moshi ukanisaidia.

Jumapili, 24 Novemba

Bluu.

Jumatano, 27 Novemba

Bluu. Kidonda cha kisigino kimefunga! Ngozi mpya, ya waridi. Kijiji kizima kimekuja kukitazama. Benedicta kasema Mzee Aron naye ni bluu, ila amekuwa mkimya na analala mchana. Nikamwambia ni umri.

Jumatatu, 2 Desemba

Bluu. Leo kabla ya saa sita Baba kaniita Justina. Ni jina la Mama. Nilipomkumbusha alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Ijumaa, 6 Desemba

Bluu. Redio imesema wakimbizi wote wa Rwanda waondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Shuleni mwalimu mkuu kapiga makofi. Nyumbani Baba kazima redio akasema, "Mvua hii, na watoto hawa." Mimi nilisikia nafuu, kisha nikaona aibu ya hiyo nafuu. Naandika vyote viwili.

Ijumaa, 13 Desemba

Bluu. Shule imefungwa.

Mukandayisenga kaja, ingawa nilimkataza. Ana mtoto wa marehemu dada yake mgongoni na sufuria kichwani. Barabara imejaa, kasema, wanajeshi wanawaonyesha njia ya mpakani, hana dakika nyingi. Baba alikuwa amelala. Mukandayisenga alinishika mkono, na mimi si mtu wa kushikwa mkono.

"Mwarimu, nisikirize mara moja, kisha unifukuze. Mume wangu arikuwa na sukari. Dawa inashusha. Inashusha, inashusha, haijui pa kusimama. Mzee akitetemeka, akitoka jasho, usingoje. Mpe kitamu. Ndizi moja tu, anaturia. Mimi sikuwa nakuibia."

"Mume wako yuko wapi?"

"Arikufa."

"Basi," nikasema. Kwa midomo yangu hii. Kama vile kufa kwa mumewe kulithibitisha kwamba hajui. Sikumuuliza alikufa kwa nini. Mwaka ule wa tisini na nne watu hawakufa kwa sukari.

Aliacha ndizi tano ndogo kizingitini, zimefungwa kwenye jani. Aliniaga kwa heshima ile ile. Nilisimama nazo mkononi muda mrefu. Nusu ya moyo iliniambia mwanamke huyu hana cha kupata kwa kusema uongo, anaondoka, hatarudi. Nusu nyingine ikasema Deodata, bluu siku thelathini na kitu, utatupa yote kwa neno la mpita njia?

Nikamwamsha Baba nikamuuliza. "Baba, huwa unatetemeka?"

"Nani kasema?"

"Unahisi njaa?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi si mtoto, Deodata."

Basi jibu nimelipata. Ndizi nimewapa mbuzi wa jirani.

Jumamosi, 14 Desemba

Bluu. Wanapita, wanapita. Toka kilimani unaona mistari ya watu na magodoro. Mvua haikatiki.

Jumapili, 15 Desemba

Bluu.

Jumatatu, 16 Desemba

Bluu.

Ijumaa, 20 Desemba

Naandika ya Jumanne. Mkono hautaki, lakini nitaandika, maana hakuna mwingine wa kuandika.

Jumanne asubuhi ilikuwa bluu. Baba alimeza kidonge saa kumi na mbili, akanywa uji, bakuli dogo. Mvua ilinyesha toka alfajiri. Nilikuwa napika maharage. Kama saa sita hivi nikamwona amesimama kwenye mlango wa jiko. Maishani mwake Baba hajapata kusimama kwenye mlango wa jiko. Mwanaume wa rika lake hajui hata kilipo chungu. Ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Akasema, "Deodata, nina njaa."

Nilidhani ananitania. Nikacheka, Mungu wangu, nilicheka. Nikamwambia, "Vumilia, Baba. Saa nane. Bado saa mbili tu."

Akatikisa kichwa kama mtoto aliyekubali. Akakaa pale pale chini, kwenye matope ya mlangoni, na suruali yake ya Jumapili. Hapo ndipo niliposhtuka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope. Mikono ilicheza. Nikamwita, akaniita Justina, akaniuliza kama watoto wamekula kabla ya kwenda kwa jirani. Kisha maneno yakawa si Kiswahili wala Kihangaza.

Nilikumbuka maneno ya Mukandayisenga. Nisidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Niliyakumbuka yote, neno kwa neno. Lakini nikasema mwalimu habahatishi, mwalimu anapima. Alikuwa amejikojolea. Nikakinga kilichobaki kwenye kopo. Nikawasha jiko la mafuta ya taa, maana moto wa kuni hutia neli masizi. Njiti zilikuwa na unyevu, ya nne ndiyo ikashika. Nikahesabu matone manane. Nikachemsha, nikasubiri, yeye yuko sakafuni nyuma yangu anakoroma.

Ilikuwa bluu. Bluu safi kuliko zote za miezi hii miwili. Nikasema asante Yesu, si sukari, ni malaria. Nikamfunika blanketi nikakimbia zahanati.

Kwenda na kurudi kwenye tope lile ni karibu saa moja na nusu. Tuliporudi na Irine, Baba alikuwa anarusha miguu, meno yameuma ulimi. Irine alimshika shavu mara moja tu akapiga kelele, "Sukari! Leta sukari! Drip ya glukosi imeisha zahanati tangu wiki iliyopita, leta sukari, asali, chochote kitamu!"

"Hakuna."

"Ndizi mbivu!"

"Hakuna, Irine."

Katika nyumba nzima hakukuwa na kitu kitamu. Nilikuwa nimehakikisha.

Nikakimbia kwa Benedicta, aliyepokea sukari yangu na asali yangu. Akanitazama, akafungua mikono. "Dada, si ulisema kisilale ndani ya nyumba? Niligawa yote." Nikakimbia nyumba ya tatu. Pale nilipata sukari ya kijiko kimoja kwenye karatasi. Niliporudi Irine alikuwa amemfunga Baba taya kwa kitambaa. Ilikuwa saa nane na nusu.

Nilimwonyesha neli. Ilikuwa bado mezani. "Mbona ilikuwa bluu?"

Irine alilia kabla ya kujibu. "Bluu inasema mkojo hauna sukari, Mwalimu. Haisemi kama damu imebakiwa nayo. Kidonge kinashusha tu, hakiulizi kama umekula. Wagonjwa wote huambiwa. Huambiwa, ukitetemeka, ukitoka jasho, omba kitu kitamu upesi."

"Huambiwa nini?"

"Waombe."

Kumbe ndilo neno alilopewa chumbani. Aombe. Wangemwambia achukue, aibe, anyang'anye, pengine angeweza. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu wanasema. Lakini Baba hakuficha maradhi. Alificha njaa, kwa sababu alilelewa vizuri. Na Mukandayisenga aliiona bila kuambiwa, kwa sababu yeye anaijua njaa ikiwa kwenye uso wa mtu mzima.

Jumatatu, 23 Desemba

Tulimzika Alhamisi. Mvua ilijaza kaburi mara mbili, vijana wakatoa maji kwa ndoo.

Leo ni kuondoa matanga. Katekista mpya alisimama uani, watu wameketi hadi kwenye migomba, akasema, "Mungu ametwaa, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nani kati yenu angemtunza mzazi hivi? Kidonda kilifunga. Kila asubuhi alipima. Hata ndizi moja haikupita. Laiti kila mgonjwa angepata mlinzi kama Mwalimu Deodata!" Watu wakaitikia, kweli, kweli. Wanawake wakanipigia vigelegele vya chini, vya msiba.

Mara ya kwanza nilisema asante. Nimeandika asante, na ndivyo nilivyosema.

Kisha akasema tena, kwamba wenye wagonjwa wa namna hii waje wajifunze kwangu. Nikasimama. Nikasema, "Baba hakufa kwa sukari. Alikufa kwa kukosa sukari. Aliniomba chakula, nikamwambia asubiri saa nane. Aliyejua kumtunza ni yule mkimbizi, na mimi nilimfukuza kama mwizi."

Uani kukawa na minong'ono. Shangazi akanivuta kanga. "Keti, mwanangu. Huzuni hiyo." Katekista akasema, naam, huzuni hutufanya tujilaumu, tusali. Watu wakainamisha vichwa. Nilibaki nimesimama peke yangu katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyeniamini.

Mzee Aron alikuwa kwenye benchi la wazee, pale mbele, fimbo kati ya magoti. Sikuwa nimemwona wiki tano. Koti linamning'inia kama la mtu mwingine. Fimbo ilikuwa inagonga ardhi, to to to, nikadhani ananitaka ninyamaze. Kumbe hakuwa anagonga. Mikono ndiyo ilikuwa inacheza. Akainua uso, jasho limejaa, katikati ya sala, mbele ya wakwe zake na wajukuu zake na katekista, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Na mimi nina njaa."

Benedicta alijifunika uso kwa kanga. Nikaenda kumpakulia Mzee Aron, kitamu kwanza.